Nyanya za Poda

Askari aliyewazuia wauza nyanya pale Petite Barrière, kwenye kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia Epiphanie kushusha beseni kichwani, akaliweka juu ya jiwe taratibu ili nyanya zisigongane, na baada ya hapo ndipo akamwambia kwamba hazivuki. Hazikuzuiwa zake peke yake. Nyanya zote zilizotoka vilima vya Rugerero na Kanama asubuhi ile zilikuwa zimepangwa kando ya barabara, beseni kwa beseni, na wenyewe wamesimama nyuma ya mabeseni, hawajui wakae au warudi nyumbani.

Pembeni ya askari alikuwepo kijana mmoja aliyevaa buti za mpira, jina lake Valens. Alikuja na watu wa kilimo kutoka Kigali. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake laini kiliwafanya wanawake watazamane na kutabasamu. Aliwaeleza kwamba serikali inaandika sheria ya kusema ni dawa ya shambani kiasi gani inaruhusiwa kubaki juu ya chakula siku kinapoliwa. Kipimo chenyewe kilikuwa hakijakubaliwa. Lakini nyanya zilizochukuliwa kwenye vilima hivi na kupelekwa kupimwa zilikutwa na dawa nyingi mno, kwa hiyo, wakati sheria inangojwa, hakuna nyanya itakayouzwa mpaka mkulima akae wiki mbili bila kupuliza.

"Sheria yenyewe iko wapi?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Inaandikwa, mama."

"Donc munatukamata na sheria yenye haiyaandikwa."

Watu walicheka, na Valens naye akacheka kidogo huku ameinamisha kichwa. Alikubali kwamba mama amesema kweli.

Epiphanie alichukua nyanya moja akamwonyesha, akiamini kwamba kijana hajaitazama vizuri. Ilikuwa nyekundu, imeiva, na juu yake imekaa poda nyeupe kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Angalia, kaka. Iko na poda muzuri. Batu ya Goma banapendaka hii."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka ule wa kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi, watu wa pande zote mbili za mpaka walijifunza kuiamini rangi nyeupe. Klorini nyeupe ilitiwa kwenye ndoo za maji, chokaa nyeupe ilimwagwa kwenye mashimo na kwenye milango ya mahema, na pale ilipofika nyeupe, ugonjwa ulisimama. Kwa hiyo nyanya yenye poda ilikuwa nyanya iliyotunzwa. Mteja wa Goma akiletewa nyanya inayong'aa aliigeuzageuza na kuuliza kama imetiwa dawa kweli. Ndiyo sababu Kimenyi, mume wa Epiphanie, alikuwa akipuliza dawa ile ya poda mara ya mwisho siku ile ile ya kuvuna. Alifanya kwa ajili ya usafi, na wakulima wote wa kilima chao walifanya hivyo.

Valens alitoa leso, akaifuta nyanya ile. Leso ikabadilika rangi. Akaishika kwa vidole viwili, mbali na nguo zake, kama mtu anavyoshika nepi chafu, na wanawake wote wakaviona vidole vile. Epiphanie aliona aibu kana kwamba amefutwa mwili wake mwenyewe mbele ya watu.

Mteja wake wa siku zote, Mama Languida, anayepika chakula cha wapagazi upande wa Goma, alivuka kuja kuona kwa nini amechelewa. Hakuweza kuzichukua nyanya, hata kwa kificho. Alirudi kwake, akaja tena na unga wa mahindi uliofungwa kwenye karatasi, akaupenyeza mkononi mwa Epiphanie bila kumtazama usoni.

"Ya Mutesi," alisema. Mutesi ni mtoto wa Epiphanie. Kusema ni wa mtoto kulimwokoa mama yake asionekane amepewa msaada.

Walikuwa wanne nyumbani kwao Rugerero, katika nyumba ambayo kuta zake mbili zilikuwa bado za shiti, lile turubai la plastiki: Kimenyi, Epiphanie, binti yao Mutesi aliyekuwa hajaanza shule, na Mukamusoni, mama yake Kimenyi. Maharage yao yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Viazi vitamu vilikuwa vimekwisha. Nyanya ndizo zilizokuwa ziwavushe mpaka maharage yakomae, na sasa nyanya zilikuwa zimerudi.

Kimenyi hakupaza sauti. Alikaa kwenye kizingiti akatazama mvua ikinyesha juu ya shamba. Akasema kwamba kungoja wiki mbili bila kupuliza, kwa mvua hii, ni kuliachia baridi, ule ugonjwa wa ukungu, shamba lote, majani yageuke meusi na matunda yaoze yakiwa bado kwenye mashina. Na kupuliza ni kutouza. Jirani hawezi kumuuzia jirani, maana kila nyumba ya kilima ina nyanya zake zilizorudi.

"Basi tutazikula," alisema.

Mukamusoni, aliyekuwa akichambua majani kando ya moto, aliuliza kama kile kitu kinachokatazwa na watu wa Kigali hakitawadhuru. Kimenyi akasema kinachokatazwa ni poda, na poda inatoka. Akaleta dumu la maji, wakakaa wote kuziosha nyanya kwa maji na majivu, moja baada ya nyingine, mpaka zikang'aa. Mutesi alifurahia kazi hiyo.

"Unaona?" Kimenyi alimwambia mama yake. "Sasa iko propre."

Hakutaja dawa ya pili. Ndani ya pampu ile ile alikuwa akichanganya na dawa ya wadudu, ambayo haina rangi, ukiimwaga huwezi kuitofautisha na maji. Muuzaji wa dukani alimwambia atie kizibo kimoja kwa pampu, lakini wadudu walikuwa wakaidi msimu ule, akatia viwili. Hakuwa akiificha. Aliisahau tu, kwa sababu haikuonekana, nayo siku nyingi ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya nyama ya nyanya, mahali pasipofika maji wala majivu.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja kuhusu Mukamusoni, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Alilelewa katika nyumba ambayo mtu mzima hasemi habari za tumbo lake. Ukimkuta anakula, hukumwona. Ukimuuliza kama amekula, amekula. Hata mbele ya mwanawe alikula amegeukia ukutani, na neno njaa hakuwahi kulitamka kuhusu nafsi yake, hata walipokuwa njiani wakikimbia kutoka Masisi, upande wa Kongo, na watu wakichemsha majani wasiyoyajua. Wazee wengi wa Rugerero ni hivyo. Kwao hiyo ndiyo heshima iliyobaki baada ya vitu vingine vyote kuchukuliwa.

Unga wa Mama Languida ulipikwa uji, na uji ukawa wa Mutesi. Nyanya zilipikwa mchuzi bila kitu cha kuchovya. Kila jioni Mukamusoni aliisukuma sahani yake kwa mjukuu akisema ameshiba, kisha mchana uliofuata alichukua nyanya mbichi akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako hakuna anayepita.

Epiphanie aliliona beseni likipungua. Alijua ni nani, na alijua kwa nini. Lakini mukazana, mke wa mtoto, hahesabu kinachoingia kinywani mwa mabukwe wake, mama wa mumewe. Alichoweza kufanya ni kuweka nyanya zilizoiva zaidi juu, zile laini ambazo meno ya mzee yanaziweza, na kulifunika beseni kwa jani la mgomba ili lisionekane limeshuka kiasi gani. Aliona huko ndiko kumpenda. Kimenyi alishinda Petite Barrière akitafuta mizigo ya kubeba, akarudi na kidogo au bila kitu, kwa kuwa wanaume wote wa vilima walikuwa huko wakitafuta mizigo ile ile. Kuna siku alirudi na vitumbua viwili vilivyovunjika, akavitoa mfukoni vimejaa vumbi la tumbaku, na Mutesi akavila na vumbi lake.

Asubuhi moja Mukamusoni hakuamka kuwasha moto. Walimkuta amelowa jasho, mate yanamtoka bila kukoma, tumbo linamkata, na nyama za mashavu zinamchezacheza zenyewe. Alijaribu kujifuta kinywa kwa ncha ya nguo ili mwanawe asimwone vile.

Kimenyi alitoka nje akaita. Kwenye vilima vile mtu akiita kwa ajili ya mgonjwa, wanaume huja na ile machela ya kusuka waitayo ingobyi, hata kama jana mlikuwa hamsalimiani. Donat, jirani ambaye mfereji wa mpaka wa mashamba yao ulikuwa umemgombanisha na Kimenyi kwa msimu mzima, alifika wa kwanza akashika mti wa mbele. Hakuna neno lililosemwa kuhusu mfereji. Walipokezana kubeba mpaka kwenye kituo cha afya, wote wakiwa na matumbo matupu.

Muuguzi aliitwa Verediane, mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Aliuliza mzee amekula nini.

"Kidogo tu," Mukamusoni alijibu, akimeza mate. "Tumekula maharage."

Wodi ilikuwa imejaa watu wa Rugerero. Kila mmoja alijua kwamba hakuna shamba hata moja upande wao lenye maharage ya kuliwa, kwa maana maua yalikuwa bado yanaonekana kutoka barabarani. Mwanamke wa kitanda cha jirani aligeukia dirisha, akatazama nje kana kwamba kuna mtu anamwita.

Verediane akampa vidonge vya malaria, kwa kuwa mvua zilikuwa nyingi na nusu ya wodi ilikuwa na malaria. Mukamusoni akavitapika. Akapewa vingine. Ilipofika mchana pumzi zake zilianza kukwaruza, kana kwamba kifua kimejaa maji. Verediane akamfunua jicho, akatazama, akafunua na la pili. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akasimama wima, akageuka kumtazama Epiphanie, na sauti yake ikabadilika.

"Mama, hii haiko malaria. Kuna mutu alimupatia kitu?"

Swali lile linajulikana. Mzee anapougua ghafla katika nyumba yenye mukazana, watu hawaendi mbali kutafuta mwenye sumu. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Epiphanie alimtazama mumewe, na Kimenyi alikuwa anatazama sakafu. Akamtazama mabukwe wake. Macho ya Mukamusoni yalikuwa wazi, na hayakuwa na shaka yoyote juu yake. Yalikuwa yanamwomba kitu kingine. Yalikuwa yanamwomba asiseme.

Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza. Mtu akinyamaza, angalau nyumba inabaki na jina. Watu wangemwita mrozi, mtu wa sumu, lakini wasingejua kwamba Mukamusoni, mjane wa mtu aliyekuwa na ng'ombe, analala na njaa.

"Kwetu hakuna maharage," Epiphanie alisema. Aliongea polepole, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Hakuna na unga. Siku hizi yote tunakulaka tomati tu, zile zenye balikataa barrière. Tulizisafisha poda. Yeye anakula mingi kupita sisi, juu chakula yake anapatia mutoto. Anazikula mbichi, nyuma ya nyumba. Mi nilikuwa naona."

Mukamusoni alifumba macho. Chozi moja lilitoka likachanganyika na jasho, nadhani yeye peke yake alijua kwamba ni chozi.

Verediane aliuliza kama ni poda tu. Hapo ndipo Kimenyi alipoinua kichwa, kama mtu aliyeguswa na moto.

"Iko na ingine," alisema. "Ya wadudu. Mi naichanganya mu pompe moja. Haionekanake."

Muuguzi hakumgombeza mtu yeyote. Alikimbia kwa miguu ile iliyovimba, akarudi na sindano, kisha na nyingine. Dawa ile ya kuzima sumu ilikuwa kidogo kituoni, akaitumia yote iliyokuwepo, akamtuma mwenye pikipiki aliyekuwa amemleta mgonjwa mwingine akatafute zaidi mjini. Mwenye pikipiki aliondoka kabla ya mtu kutaja nauli. Epiphanie alikuwa amesimama palepale katikati ya wodi, hajui mikono yake aiweke wapi. Verediane alipopita tena alimshika bega, akamkalisha kwenye ukingo wa kitanda.

Mukamusoni alinusurika kifo. Mate yalikauka, pumzi zikatulia, na siku iliyofuata aliweza kulala kwa ubavu. Alilala amegeukia ukutani. Epiphanie alipomwita hakuitika. Alipompa maji alipokea bila kumtazama. Kwa Kimenyi alijibu, kwa muuguzi alijibu, lakini kwa mke wa mwanawe hakuwa na neno, na wodi nzima iliona.

Valens alikuja mchana. Habari zilimfikia kwenye ofisi ya komini, akatembea kwa miguu na buti zake zikiwa na tope. Alimsalimia mzee kwa mikono miwili, akatafuta kigoda, na alipokosa akachuchumaa kando ya kitanda. Alisema pole mara nyingi. Kisha akaeleza kilichomleta, na alikieleza kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba anaomba kitu kikubwa.

Wakubwa wake walikuwa wanakaribia kukutana kukubaliana kipimo. Kipimo cha dawa kwenye nyanya, alisema, hakipatikani hivi hivi. Kwanza lazima ijulikane mtu anakula nyanya kiasi gani kwa siku. Karatasi zilizotoka nchi nyingine zilisema mtu anakula nyanya moja, pamoja na vyakula vingine. Yeye alitumwa kuuliza vilimani kama ni kweli, na kila mlango aliobisha alijibiwa hivyo hivyo: moja, au kidogo tu, au hatuli sana.

"Mama yangu naye angejibu hivyo," alisema. "Angekufa kabla ya kumwambia mgeni anakula nini. Lakini sasa nimesikia yaliyotokea hapa, na ninaomba mniambie ukweli. Na mimi niwaambie ukweli. Nikiandika namba kubwa, kipimo kitashuka, maana anayekula nyingi humeza dawa nyingi. Kikishuka, mtazuiwa zaidi pale mpakani. Mtangoja zaidi. Sina cha kuwaahidi."

Kimenyi alielewa haraka, na alijibu haraka. Shamba lilikuwa bado lina nyanya zilizonusurika baridi, chache, na bila hizo hakukuwa na kitu kingine.

"Andika moja, mukubwa. Kama batu bote."

Valens hakuandika. Alimtazama Kimenyi bila hasira, akabaki amechuchumaa, buti zake zikidondosha tope kwenye sakafu iliyokuwa imetoka kupigwa deki.

"Si moja," Mukamusoni alisema.

Alisema akiwa ameelekea ukuta, kwa sauti ndogo, na Valens ilibidi ainame ili asikie. Kimenyi alimwita mama yake, akitaka kumnyamazisha kwa heshima, lakini mzee aliendelea kuongea na ukuta. Alisema nyanya zilikuwa karibu na Mutesi. Beseni lilikuwa chini, mtoto anafika, na mara mbili alimkuta ameshika moja, akamnyang'anya. Hakumnyang'anya kwa sababu alijua zina sumu. Alimnyang'anya ili azile yeye, na mtoto abakie na hamu ya uji.

"Kama singekuwa na choyo," alisema, "angelala hapa yeye. Donc andika. Beseni."

"Beseni la nyumba nzima, mama?"

"La mi peke yangu. Ile ndogo, ya kuogeshea mutoto. Kwa siku."

Mtoto mmoja alilia mwisho wa wodi, akanyamazishwa. Epiphanie aliona jinsi mgongo wa mabukwe wake ulivyokuwa ukitetemeka chini ya shuka, na safari hii si kwa sababu ya sumu. Akasimama, akafungua kitenge chake cha juu, akakinyoosha kwa mikono miwili kati ya kitanda na wodi, kama pazia, ili watu wasiendelee kumwona. Valens naye akainuka, akageuza uso, akasogea mpaka mlangoni na ndipo akaandika, ameegemea fremu, mgongo wake kwa watu. Kimenyi alitoka nje akapita kando yake bila kuaga.

Mikono ya Epiphanie ilianza kuchoka, lakini hakuishusha. Kisha akahisi upindo wa sketi yake unavutwa. Mukamusoni alikuwa amegeuka kutoka ukutani, na anamtazama.

"Mukazana," alisema.

"Karame, mabukwe," Epiphanie aliitika.

Mzee alihangaika na neno. Alilitafuta kinywani kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki, na alipolipata alilitoa taratibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu.

"Niko na njaa."

Epiphanie hakuwa na kitu cha kumpa. Alibaki amesimama na kitenge chake mikononi, machozi yanamdondokea na hana mkono wa kuyafuta. Kitenge ni nguo nyepesi, na wodi yote ilikuwa imesikia. Upande wa pili, ambako hakuweza kuona ni nani, mtu aliburuta sufuria kutoka chini ya kitanda, akaanza kufungua kifuniko chake polepole ili kisipige kelele.